Kompyuta ya lokesheni, na deni langu kwa Bibi wa Igombe

Najua nimepotea karibu mwezi mzima na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko, namshukuru Mungu, ingawa kuna sapu moja ya Takwimu inaninyemelea. Kilichonipoteza ni filamu. Naam, filamu! Mimi mwanafunzi wa ualimu wa Kiswahili na Historia, niliyekuja hapa Ilemela nikijua kompyuta ni kitu cha kuchapia kazi usiku wa kuamkia siku ya kukusanya.

Leo nataka niwasimulie jinsi tulivyochagua kompyuta ya kwenda nayo lokesheni. Najua mtasema mambo hayo ni ya watu wa IT. Subirini kwanza, maana kabla ya kompyuta kuna mzee.

Mwaka jana kikundi chetu cha filamu hapa chuoni, watu 14, tuliamua kushuti filamu fupi kuhusu wavuvi wa Igombe. Kwa msiopajua, Igombe ni ufukweni, unapita uwanja wa ndege wa Mwanza unaendelea mbele. Mchana unakuta dagaa wameanikwa, usiku taa za wavuvi zinajaa ziwani mpaka unadhani kuna mji kule. Hapo tukampata mzee mmoja wa zaidi ya miaka 80, aliyeanza kuvua kabla sangara hajatawala ziwa. Kwa msiojua historia hiyo, sangara aliletwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshawamaliza furu wengi. Furu ni wale samaki wadogo waliokuwa na mamia ya aina. Mzee alikaa kwenye kigoda, akazungumza saa moja na dakika ishirini, Kiswahili kimechanganyika na Kisukuma, akihesabu kwa vidole aina za furu ambazo hajaziona tena. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, nikisahau hata kumeza mate.

Kazi yangu siku ile ilikuwa kuhamisha picha kutoka kwenye kadi kwenda kwenye laptopu. Laptopu yenyewe yangu, ile ya tangu mwaka wa kwanza, ambayo matundu yake yote ni ya USB 2. Kadi ilikuwa ya GB 64, imejaa karibu yote. Nikaanza kunakili. Mchanga unapeperuka, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu wameshaanza kufuata mwanga wa kioo, na jua linazama. Mwenzetu mmoja kwa nia njema kabisa akafunika laptopu isiingie uchafu. Ikalala. Kunakili kukasimama. Baadaye mwingine akachomoa kadi maana "Dairekta anaitaka".

Nilipofunua laptopu nikaona folda ipo. Nikafungua faili la kwanza, likacheza. Nikapiga kelele: "Tayari!"

Kadi ikafomatiwa kwenye kamera, tukashuti machweo ya jua. Machweo mazuri sana, yaani hata leo ukiyatazama utasifu. Yameandikwa juu ya sauti ya mzee.

Usiku chumbani ndipo nilipogundua kwamba ndani ya folda kulikuwa na klipu moja tu ya dakika 11. Zile nyingine nne hazikuwahi kufika. Tulijaribu PhotoRec, programu ya bure ya kufufua mafaili. Hapa niwaambie jambo moja linaloweza kuwasaidia. Ukifomati kadi kwa bahati mbaya, picha kwa kawaida haziondoki papo hapo, kilichofutwa ni orodha yake tu. Ukiacha kuitumia kadi hiyo mara moja, uwezekano wa kuzipata ni mkubwa. Ukiendelea kushuti, picha mpya zinakaa juu ya zile za zamani, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Sisi tuliendelea kushuti.

Mwezi wa pili mwaka huu mzee akafariki. Tulikwenda msibani. Mke wake, Bibi, akanishika mkono akaniuliza: "Ile picha mliyompiga mzee akizungumza mtaniletea lini, mjukuu wangu?" Nikajibu: "Tunaitayarisha, Bibi." Ndugu zangu, sijawahi kuandika uongo huo popote mpaka leo.

Nimewaza sana kwa nini jambo hili linatokea kirahisi hivi. Kaka zetu wanaoshuti harusi miaka ya 2000 walitumia kanda za MiniDV, na nyingi ya filamu za Bongo za wakati ule zilipita humo humo. Kanda moja ilichukua dakika 60, kama GB 13 hivi. Ikijaa unaitoa, unaiandika jina kwa kalamu, unaiweka kwenye boksi, unaweka nyingine. Kanda yenyewe ndiyo ilikuwa nakala halisi, na mpaka leo kuna watu wana maboksi ya kanda hizo chini ya kitanda. Kadi haiko hivyo. Kadi ni ghali, tunazo mbili tu, kwa hiyo lazima ifutwe ili itumike tena. Maana yake ni kwamba kila siku ya kushuti kuna dakika moja ambapo mtu anafuta nakala halisi kwa mkono wake mwenyewe. Kompyuta ya lokesheni kazi yake ni dakika hiyo. Ni kuhakikisha kwamba anayebonyeza kufuta anajua kweli, hadhani tu.

Hili ndilo lililotugombanisha kwenye kikao.

Mwezi wa sita, bumu lilipoingia, tukachanga 80,000 kila mtu, ikapatikana 1,120,000. Lengo: kurudi Igombe kushuti na Bibi na wazee wengine. Dairekta wetu (jina la utani, ila siku hizi anaitika) alikuwa ameshaona laptopu ya kuchezea gemu kwenye duka moja mjini. Kadi ya picha kubwa, kibodi inawaka taa za rangi, 1,100,000. Anasema hiyo itaediti 4K bila kukwama. Vijana wote wanashangilia. Mimi nikanyoosha mkono. Mnajua ukiwa na hatia unakuwa huna aibu.

Nikamuuliza: "Kaka, tukishanunua hiyo, hela ya diski itatoka wapi?" Kimya. "Na pale mchangani tutaichaji na nini?" Maana chaja ya mashine za namna ile inaweza kuvuta wati 180 na zaidi, na ikiwa kwenye betri peke yake haikai muda mrefu. Jenereta hatuwezi kuliwasha karibu, litaharibu sauti. Nikaenda ubaoni kama niko BTP, nikaandika hesabu.

Kamera tunayoazima inarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Gawa kwa 8 unapata megabaiti 12.5 kwa sekunde. Kwa dakika ni megabaiti 750, kwa saa ni GB 45. Kadi ya GB 64 inajaa kwa dakika kama 85. Tukishuti saa mbili na nusu kwa siku, kwa siku tatu, tunapata kama GB 340. Nakala mbili ni GB 680. Hiyo ni kabla hujaediti chochote.

Halafu muda. USB 2 kwenye karatasi inasoma megabiti 480, lakini kwa uhalisia unapata megabaiti 30 na ushee kwa sekunde. Kadi iliyojaa inachukua zaidi ya nusu saa kunakiliwa mara moja. Ukitaka nakala mbili, halafu uhakiki zote, umeshapita muda wa kujaza kadi nyingine. Yaani kompyuta inabaki nyuma ya kamera, watu wanaanza kukuharakisha, na mtu anayeharakishwa ndiye anayesema "tayari" wakati si tayari. Nawajua watu wa namna hiyo, mmoja anaandika hapa. Ukiwa na tundu la USB 3 na kisomeo cha kadi kinacholingana nalo, kadi nzuri inasoma megabaiti 80 hivi kwa sekunde, na GB 64 inaisha kwa robo saa.

Kwa hiyo, wadau, kompyuta ya lokesheni haichaguliwi kwa kadi ya picha. Kunakili mafaili hakuhitaji kadi ya picha. Kuediti tutaediti chuoni, kwenye kompyuta ya mezani ya rafiki yetu mmoja, tukiwa tumekaa kwenye viti na umeme upo. Ya lokesheni unaiuliza maswali mengine kabisa. Matundu mangapi, na ya kasi gani? Betri inakaa saa ngapi, na inabadilishika? Ikianguka, nafasi yake itachukuliwa na nini? Ni kama kuchagua mweka hazina wa kikundi. Hutazami nani anacheza muziki vizuri, unatazama nani hapotezi risiti.

Dairekta akanuna siku mbili, kisha akaja mwenyewe dukani.

Tulichonunua ni hiki hapa, pamoja na bei tulizopewa baada ya kuomba sana:

1. ThinkPad T480 iliyotumika, 480,000. Ni mashine ya mwaka 2018, nyeusi, haina mvuto wowote. Lakini ina matundu mawili ya USB ya kawaida yenye kasi na mawili ya USB-C, na ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje unayoweza kuichomoa ukaweka nyingine wakati mashine inaendelea kufanya kazi. Hilo ndilo lililonimaliza.

2. Betri ya nje ya akiba, 70,000.

3. Diski ya SSD ya nje ya TB 1, 250,000.

4. Diski ya kawaida ya kuzunguka, TB 1, 160,000. Hii ni rahisi lakini inaogopa kutikiswa, ndiyo maana si ya kubeba kwenye bodaboda.

5. Kisomeo cha kadi cha USB 3, 25,000.

Jumla 985,000. Ikabaki 135,000 ya nauli, ugali na sato.

Yule kaka wa dukani alinicheka: "Dada'angu, mnashuti filamu na mashine ya ofisini?" Nikamwambia ndiyo, na hatutaki hata kuiwekea gemu. Tulipofika chuoni tuliifuta yote, tukaweka mfumo upya, tukazima kulala yenyewe na kulala ikifunikwa, tukapiga marufuku flashi ya mtu yeyote. Flashi za hapa chuoni mnazijua wenyewe, ukichomeka moja mafaili yako yote yanageuka njia za mkato. Diski zote mbili tukazifomati exFAT, kwa sababu FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4, na klipu moja ya kwetu inaweza kuwa mara mbili ya hapo.

Programu ya kunakili tuliyochagua ni TeraCopy, ya bure. Ikimaliza kunakili inalinganisha alama za hesabu za faili la kadi na za faili la diski. Faili moja likitofautiana hata kidogo, linaonekana. Wenye kompyuta yenye nguvu wanaweza kutumia ile sehemu ya kunakilia iliyomo ndani ya DaVinci Resolve, nayo ipo kwenye toleo la bure. Ila programu si mbadala wa daftari. Nilichora jedwali kama daftari la mahudhurio: namba ya kadi, saa, idadi ya klipu kwenye kadi, idadi kwenye diski ya kwanza, idadi kwenye diski ya pili, aliyenakili, aliyehakiki. Aliyenakili na aliyehakiki wasiwe mtu mmoja. Na kadi haifomatiwi mpaka sahihi mbili ziwepo. Kadi iliyojaa inabandikwa utepe mwekundu, inakaa mfukoni kwangu kwenye zipu. Dairekta akiitaka, anaomba.

Msidhani ni sisi tu tulioumia hivi. Mwaka 1998, kampuni ya Pixar ikiwa inatengeneza Toy Story 2, amri moja iliyoandikwa kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya filamu, na nakala zao za akiba zikakutwa hazifai. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa mama mmoja wa timu hiyo, Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa kuwa ana mtoto mchanga. Filamu ikatoka mwaka 1999. Ndiyo maana nakala ya pili haitakiwi kulala nyumba moja na ya kwanza. Sisi SSD ilirudi na Dairekta kwa bodaboda, diski ya kuzunguka ikapakatwa kwenye daladala na dada mmoja wa mwaka wa tatu, imefungwa kwenye sweta.

Kuna jambo jingine linaniuma, niliseme. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyoshutiwa hapa hapa Mwanza, kuhusu sangara na ndege za mizigo. Ikapendekezwa kwa Oscar mwaka 2006, na mwaka huo huo Rais Kikwete akailaani hadharani kwamba inaichafua nchi. Mpaka leo watu wanabishana nayo. Mimi sina nia ya kuamua ugomvi huo leo. Ninachoona ni kwamba picha zile zipo, miaka zaidi ya 20 baadaye, mtu yeyote anaweza kuzitazama na kubisha. Na sisi tuliozaliwa kando ya ziwa, tulipompata mzee wa kulisimulia kutoka mwanzo, tulimfuta siku ile ile. Hatuwezi kulalamika kwamba wengine wanatusimulia vibaya kama hatuna hata mahali pa kuweka masimulizi yetu wenyewe.

Basi tulirudi Igombe wiki mbili zilizopita. Siku ya kwanza ilikuwa ya wavuvi na akina mama wa dagaa. Kadi tatu, sahihi sita, hakuna kilichopotea. Wadudu walikuja jioni kama kawaida, mtu akafunika laptopu, ikaendelea kunakili humo humo ndani. Nilicheka peke yangu.

Siku ya pili nilikwenda kwa Bibi mapema kabla ya wenzangu, nimebeba ile ThinkPad. Nikamwamkia, nikaketi kwenye mkeka. Nikamwambia: "Bibi, nimekuja na picha ya mzee." Nikamwekea zile dakika 11. Ni za mwanzo tu. Mzee anasalimia, anarekebisha kofia, anauliza kama kamera inaona meno yake, halafu anaita aletewe kigoda kingine maana hiki kinamuuma. Na kutoka ndani inasikika sauti ya Bibi mwenyewe ikimjibu kwamba kigoda hicho amekikalia miaka yote, leo kimeanza kuuma kwa sababu ya wageni? Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Akaniambia rudisha. Nikarudisha mara tatu.

Halafu akasema: "Endelea sasa, pale alipohesabu samaki."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwamba sikuhakiki, kwamba mimi ndiye niliyesema tayari, na kwamba msibani nilimdanganya. Sikutaja USB wala kadi. Nilisema: "Bibi, yalipotea mkononi mwangu."

Alinyamaza muda mrefu, nikasikia kuku wanaparua nje. Sikujua niondoke au nikae. Kisha akasema: "Yeye alikuwa anawavua. Unadhani nani alikuwa anawaparua magamba?"

Siku ya tatu alikaa kwenye kigoda kile kile, akawahesabu furu wake. Hakuwahesabu kama mzee. Mzee aliwajua kwa mahali pa kutupia nyavu, Bibi anawajua kwa mifupa, kwa mchuzi, na kwa yupi anapewa mtoto anayeanza kula. Kwa hiyo ya mzee hayajarudi, na hayatarudi, nisiwadanganye na ninyi. Lakini haya ya Bibi ni dakika 52, klipu sita. Tulipomaliza aliniuliza: "Na haya nayo yatapotea?" Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha safu ya kwanza sita, ya pili sita, ya tatu sita. Bibi hajui kusoma, ila kuhesabu anahesabu. Akaitazama ile safu, akasema haya.

Nakala ya tatu nimempelekea mjukuu wake anayekaa Buswelu, kwenye flashi mpya ambayo haijawahi kuingia kwenye kompyuta ya mtu. Zile dakika 11 za mzee nazo zimo.

Jumatatu nina jaribio la Saikolojia ya Elimu na sijafungua hata ukurasa mmoja. Niombeeni. Na wewe uliye na picha za babu au bibi yako kwenye simu moja tu, hiyo hiyo unayosomea hapa, inuka sasa hivi ukatafute pa pili pa kuziweka. Usinijibu kwamba tayari. Zihesabu kwanza.

Alamsiki.